Mlango Unaosimama Kiunoni

Kwetu Tanga ukitaja gereji, mtu anaona shimo la mafuta machafu, magari yaliyoinuliwa kwa jeki na vijana wenye ovaroli nyeusi. Kwa dada yangu, Des Moines katika jimbo la Iowa, gereji ni chumba cha nyumba. Gari hulala humo pamoja na baiskeli za watoto, majembe ya theluji na magunia mawili ya mchele, na mlango wake ni mpana kuliko ukuta wa sebule tuliyokulia: karibu mita 5 kwa mita 2 na kidogo. Asubuhi dada hubonyeza kitufe, mlango unapanda wenyewe hadi darini, gari linatoka kinyumenyume, mlango unashuka. Niliishi nao wiki tatu nikiusikia bila kuutazama.

Usiku mmoja wa Januari ilinyesha mvua iliyoganda kila ilipotua. Usiku wa manane nikashtuliwa na mlio mmoja mkavu, kama bunduki iliyofyatuliwa chini ya nyumba. Dada akaniambia kutoka chumbani kwake kwamba hiyo ni barafu inapasuka juu ya paa, nilale. Alfajiri umeme haukuwepo. Nje ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, nyaya za mtaa mzima zimevaa barafu nene kama kidole gumba, na dada alitakiwa afike kazini saa moja, kwenye nyumba ya kulelea wazee, ambako mwenzake wa zamu ya usiku haondoki mpaka yeye aingie. Shemeji alikuwa safarini na lori lake.

Dada aliijua kamba nyekundu. Inaning'inia kwenye reli ya katikati, chini ya mota, na mwishoni ina mpini mdogo wa plastiki. Ukiivuta, kile kipande kinachoukokota mlango kinaachana na mnyororo, na mlango unabaki huru, mali ya mikono yako. Akaivuta, tukasikia tik. Tukainama kila mtu upande wake, tukashika chini, tukainua. Mlango haukutikisika. Tukajaribu tena mpaka nikahisi mgongo unalalamika. Kwa akili yangu ya Tanga niliwaza kumwaga maji ya moto chini, na nashukuru kwamba sikuyamwaga.

Dada akampigia simu fundi wa milango ambaye husali naye kanisa moja, mtu wa Bukavu, Kongo, umri wake kama miaka hamsini. Nilisikia sauti yake kwenye spika ya simu. Hakuuliza kama umeme umekatika. Aliuliza kama usiku tulisikia mlio. Dada akanitazama, akajibu ndiyo, mmoja, mkubwa. Kukawa kimya kidogo. "Basi msiuguse tena, mama," akasema. "Nakuja."

Alifika baada ya nusu saa na gari dogo la mizigo, akaingia kwa mlango wa jikoni, akakung'uta viatu, akatusalimu vizuri, mmoja mmoja, kama vile hapakuwa na mtu anayechelewa popote. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akasimama katikati ya gereji, mikono mfukoni, tochi kichwani, akautazama mlango. Mwanga wa tochi ulianza chini, kwenye mpira unaogusa sakafu, ukapanda reli ya kushoto gurudumu moja baada ya jingine, ukapita juu ya mlango taratibu, ukashuka reli ya kulia. Kama dakika mbili hivi. Nimewahi kumwona daktari wa watoto pale hospitali ya Bombo akimtazama mtoto anavyohema kabla hajamgusa, na ndicho nilichokikumbuka.

Mwanga ukarudi juu ya mlango na kutulia. Pale, kwenye bomba la chuma linalokwenda kutoka pembe hadi pembe, zilikaa springi mbili nene kama mkono wa mtoto, moja kila upande wa katikati. Ya kushoto ilikuwa nzima. Ya kulia ilikuwa na pengo la vidole vitatu. Hiyo ndiyo bunduki ya usiku.

Nilimwambia nilidhani tatizo ni umeme. Akatabasamu, akamwelekea dada, kwani ndiye mwenye nyumba, akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Mama, resori njo inabebaka mlango. Mota inasindikizaka tu."

Resori ni springi. Na sentensi ile ndiyo ufunguo wa mambo yote yaliyofuata, kwa hiyo nitaieleza jinsi nilivyokuja kuielewa nikiwa nimesimama pembeni namshikia tochi.

Mlango wa namna hii una vipande vinne vipana vilivyoungwa kwa bawaba, na kando ya kila kipande kuna vigurudumu vinavyotembea ndani ya reli. Reli inapanda wima, halafu inapinda na kulala chini ya dari. Huu wa dada una uzito wa kama kilo 80. Kila pembe ya chini imefungwa waya wa chuma uliosokotwa, unaopanda hadi kwenye puli iliyoko ncha ya lile bomba la juu. Springi nazo zimeshikamana na bomba. Mlango ukiwa umefungwa, springi zimekazwa mpaka zinatamani kujifungua, na kujifungua kwake ndiko kunakozungusha bomba, puli zikavuta nyaya, nyaya zikavuta mlango. Mota ya juu, nusu ya nguvu ya farasi mmoja, haina ubavu wa kunyanyua kilo 80 siku baada ya siku. Inausukuma mlango ambao tayari hauna uzito.

Lakini kilichonifanya nimwombe fundi arudie maelezo ni hiki. Mlango unapopanda, kipande cha juu kinapinda na kulala kwenye reli ya dari, na uzito wake sasa unabebwa na reli. Kinafuata cha pili, kisha cha tatu. Yaani kadiri unavyopanda, mzigo unaoning'inia unapungua. Springi nayo, kadiri inavyojifungua, inachoka. Vyote viwili vinapungua pamoja, kwa mwendo mmoja, hatua kwa hatua, mpaka mwisho. Aliyeupatanisha uchovu wa chuma na wepesi wa mlango namna hiyo alikuwa na akili iliyotulia sana. Mabaharia wa majahazi pale bandarini kwetu wanapopandisha foromali, ule mti wa tanga, huvuta henza, kamba yake, watu wengi, kwa wimbo, kwa sababu foromali ni nzito mwanzo na nzito mwisho. Wangepewa kitu kama hiki, mtoto mmoja angetosha.

Springi moja ikikatika, nusu ya uzito inabaki bila mwenyewe. Kilo 40 hivi ndizo tulizokuwa tunapambana nazo mimi na dada, na juu yake mpira wa chini ulikuwa umegandana na saruji. Makosa matatu yalikuwa yamelaliana: umeme, barafu na springi. Sisi tuliona la kwanza kwa sababu lilikuwa la mwisho kutujia. Fundi aliyafungua moja moja.

Alianza na barafu. Alipiga goti, akachukua kibao chembamba cha mbao, akakipenyeza kati ya mpira na sakafu kuanzia pembeni, akikisukuma kwa kiganja na si kwa nyundo. Nikamuuliza habari ya maji ya moto. Akasema yangeyeyusha kwa dakika tano na kugandisha kwa siku tano, na mpira ungechanika siku ya kuinua. Kibao kilitembea mita zote 5 huku barafu ikilia chini yake kama karanga zinazomenywa. Hakuharakisha hata dada alipotazama saa na kuguna. Dada naye hakumharakisha, na hilo nililiona: aliyezoea kuwageuza wazee vitandani anajua vitu ambavyo ukiviharakisha unaviumiza.

Kisha kuinua. Alitupanga. Mimi kulia, yeye kushoto, viganja chini ya mlango, vidole visiingie kamwe kwenye maungio ya vipande, maana mlango ukipanda maungio hufunga kama meno. Magoti yapinde, mgongo unyooke. "Pole pole, kaka. Nikisema simama, unasimama." Tuliuinua shibiri moja, akasema simama. Akausikiliza. Akatazama waya wa upande wangu kama umekaa kwenye puli. Tukainua tena hadi magotini, simama. Hadi kifuani, simama. Mlango ulipofika juu, alichomoa praisi mbili za kujifunga, akazibana kwenye reli chini ya gurudumu, moja kila upande, na juu ya hizo akasimamisha ubao mnene kutoka sakafuni. Vizuizi vitatu, na bado alimwambia dada apite huku yeye mwenyewe ameushika. Dada akawasha gari, akatoka kinyumenyume, akapunga mkono kupitia kioo kilichojaa barafu.

Hapo akanifundisha sheria moja kwa ukali ambao hakuwa ameuonyesha mpaka wakati huo. Kamba nyekundu huvutwa mlango ukiwa umefungwa. Ukiwa juu, na springi imekatika, mnyororo wa mota ndio unaoushikilia. Ukivuta kamba, unateremsha kilo zote hizo juu ya chochote kilichoko chini. Mlango uliokwama juu ni wa kuegemezwa kwanza.

Tuliushusha tukiwa tumeubeba, na kazi yenyewe ikaanza.

Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu nilidhani nimeshaona ufundi, kumbe nilikuwa nimeona utangulizi. Springi nzima ilipaswa kulegezwa nayo itoke, kwa kuwa zilifungwa siku moja na zimefanya kazi sawa. Springi za kawaida hupimwa kwa kupanda na kushuka mara 10,000. Nyumba inayofungua mlango mara nne kwa siku huzimaliza ndani ya miaka saba hivi, na mlango wa dada ulikuwa na umri huo. Iliyobaki isingekawia kumfuata mwenzake, na huenda ingechagua asubuhi nyingine kama ile.

Kichwa cha springi kina matundu manne. Fundi ana fito mbili za chuma cha pua, ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, zilizochongwa ziingie matundu hayo bila kucheza. Alinionyesha ncha zake zilivyong'aa kwa matumizi. Wapo wanaotumia bisibisi, akasema, na akanyoosha kidole gumba bila kuendelea. Fito moja inaingia hadi mwisho wa tundu, inashika mzigo. Ndipo skrubu zinazobana springi kwenye bomba zinalegezwa. Kisha robo mzunguko, fito ya pili inaingia, ya kwanza inatoka, robo mzunguko. Muda wote fito moja lazima iwe ndani. Na mwili wake haukai mbele ya fito. Alisimama kwenye ngazi akiwa amejitoa pembeni, uso nje ya duara ambalo fito ingelipiga kama ingemponyoka. Nguvu ya mkono inayohitajika si kubwa kama nilivyofikiri. Kinachotisha ni akiba: nguvu yote ya kuutoa mlango ule sakafuni hadi darini imelala ndani ya chuma, na inangojea kosa moja.

Springi mpya zilikuwa na rangi vichwani, moja nyekundu na moja nyeusi, kwa sababu moja imesokotwa kuelekea kulia na nyingine kushoto, kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Ukizibadilisha nafasi, kila moja inafanya kazi kinyume. Alizivisha kwenye bomba, akarudisha puli, akakaza nyaya mpaka zote mbili zikatoa sauti moja alipozigusa kwa ukucha. Zikitofautiana, mlango unapanda ukiwa umelemaa. Alizigusa mara nne. Kisha akahamisha zile praisi mbili, akazibana juu ya magurudumu. Sikuelewa. Akanieleza kwamba hofu imegeuka: mwanzo tuliogopa usianguke, sasa tunaogopa usiruke.

Kabla ya kukaza akachukua chaki na kuchora mstari mmoja ulionyooka juu ya kila springi, kutoka kichwa hadi kichwa. Nilidhani ni alama ya katikati. Alipoanza kuzungusha, mstari ule ukaanza kujipinda, ukawa utepe unaokizunguka chuma, na kila utepe ukawa mzunguko mmoja kamili. Springi yenyewe inakuwa daftari lake. Mtu akipotewa na hesabu, anahesabu tepe. Na akaniambia niangalie urefu: kila mzunguko springi inarefuka kwa unene wa waya wake, milimita 6 hivi, kwa hiyo mizunguko saba na nusu inairefusha kwa karibu sentimita nne na nusu. Asipoiachia nafasi ya kurefuka, inajisugua na kujila.

Robo mizunguko 30 kwa mlango wa kimo kile. Alihesabu kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, na bila kukusudia nikajikuta nahesabu naye. Kumi na moja. Fito ndani, fito nje. Kumi na mbili. Pumzi yake ilitoka mvuke. Kati ya ishirini na thelathini hakuna aliyesema neno jingine. Kule Bukavu alikuwa fundi wa malori, wa zile springi nzito za chini ya bodi, na alipofika Iowa alifanya kazi miaka miwili kama msaidizi wa mzee mmoja mwenyeji kabla ya kuruhusiwa kushika fito peke yake. Miaka miwili ya kushika tochi, kama nilivyoishika mimi saa mbili. Aliniambia hayo baadaye, tukinywa chai ya tangawizi niliyoichemsha kwenye jiko la gesi, na aliyasema kwa shukrani, si kwa kulalamika.

Alipoteremka ngazi hakuikumbuka mota hata kidogo, na umeme hata hivyo haukuwa umerudi. Alitoa praisi, akaweka vidole viwili chini ya mpini wa mlango. Ukapanda. Mlango wa kilo 80, kwa vidole viwili, bila kelele. Akauachia ukiwa usawa wa kiuno, akarudi nyuma, akakunja mikono. Mlango ukabaki hewani. Haukushuka, haukupanda. Nilisubiri nikidhani utaamua. Akausogeza hadi magotini, akauachia, ukabaki. Hadi mabegani, ukapanda kidogo, labda upana wa kiganja. Akakunja uso, akaufunga mlango, akabana praisi, akapanda ngazi, akapunguza robo mzunguko upande mmoja na robo upande wa pili, akashuka, akaanza kipimo upya. Ukasimama kila alipouweka. Mimi ningelikubali lile la kwanza na kulipa.

Mlango wa kupanda juu wa namna hii ulibuniwa na C. G. Johnson mwaka 1921. Kabla yake milango ya gereji ilikuwa ya kufunguka kwa nje kama ya kabati, au ya kusukumwa kando, na theluji ilikuwa inaizuia. Mashine ya umeme ya kuufungua aliileta mwaka 1926. Miaka mitano ile ilinikaa akilini. Mlango ulitengenezwa kwa ajili ya mkono. Usawa wake, springi zake, kule kupungua kwa pamoja, vyote vilikamilika pasipo umeme. Mota ilikuja baadaye, ikaukuta mwepesi. Ndiyo maana fundi hupima mlango ukiwa umeachanishwa na mota: anataka kuujua ulivyo wenyewe. Mota ilikuwa imeficha uchovu wa springi za dada kwa miezi. Alikuwa akiisikia ikiguna asubuhi na kudhani ni baridi.

Marekani imejifunza mambo ya mkono na mota kwa gharama. Mashine zilizotengenezwa tangu Januari 1993 zinalazimishwa na sheria ya taifa kuwa na kinga ya kuzuia mlango usimbane mtu, kwa kawaida yale macho mawili madogo karibu na sakafu, baada ya watoto kufa chini ya milango. Na baada ya moto mkubwa wa kaskazini mwa California mwaka 2017, ambapo umeme ulikatika na ikaelezwa kwamba baadhi ya wazee waliofariki walishindwa kutoa magari yao, jimbo hilo likaamuru kila mashine inayouzwa kuanzia Julai 2019 iwe na betri ya akiba. Ni sheria njema zote mbili. Ila betri inasukuma tu, kama mota. Mzee mwenye betri na springi iliyokatika bado amefungiwa ndani, na mzee mwenye springi zilizopimwa na mtu kama huyu angeinua mlango wake gizani kwa mkono mmoja, kama angefundishwa kamba ilipo.

Kwa hiyo kabla hajaondoka alinifundisha. Kamba, mlango ukiwa chini. Tik. Mkono mmoja kwenye mpini, mwingine tayari. Sikiliza shibiri ya kwanza: ukiwa mzito pale, acha, kuna jambo. Akanifanya nirudie mara tatu. Mara ya tatu nilifumba macho na nikahisi mahali ambapo kipande cha kwanza kinapinda na kulala, kisha cha pili, kila kimoja kikimkabidhi mwenzake. Akasema umeme ukirudi atakuja kuirudisha mota na kuipima. Alikusanya mabaki ya springi ya zamani, akafagia vipande vya barafu alivyovitoa yeye, akanywa chai iliyobaki, akaenda kwa mteja mwingine.

Umeme haukurudi siku ile. Saa tatu usiku nilikuwa nimekaa gerejini juu ya gunia la mchele, nimevaa koti la shemeji, nikisikiliza barabara. Gari la dada lilikata kona taratibu juu ya barafu na kusimama nje. Nikashika mpini kwa mkono wa kulia. Mwanga ukaingia kwa chini, ukaanzia viatuni mwangu, ukapanda magotini, kiunoni, kifuani, na dada akabaki ameketi nyuma ya usukani, hajaingiza gari bado, akitazama.